Jenereta ya mtambo wa majitaka: usijumlishe kilowati tu

Ndugu, umeuliza kama jenereta ya kVA 30 (kVA ni kipimo cha uwezo wa jenereta) itatosha mtambo wa kusafisha majitaka wa maghorofa yenu hapo Mbezi Beach. Kilowati za mota pekee hazikupi jibu. Mota ikiwashwa moja kwa moja, yaani bila kifaa cha kupunguza mkondo, huvuta mkondo mara 5 hadi 8 ya ule wa kawaida, na hapo ndipo jenereta inapozidiwa. Washeni kwa zamu: kwanza pampu za kuinua majitaka, maana shimo likifurika, hasa masika, uchafu unaingia kwa majirani. Kisha vipuliza hewa; bakteria wanaokula uchafu hawawezi kukaa siku nzima bila oksijeni. Mota kubwa ifungieni stata ya sta-delta, kifaa kinachoiwasha mota kwa nguvu ndogo kwanza kisha kuipa nguvu kamili; inashusha mkondo wa kuwashia hadi theluthi ya ule wa kuwasha moja kwa moja. Na tafadhali, kila mwezi ijaribuni jenereta ikiwa imebeba mzigo, yaani ikiendesha mota zenyewe.