Ijue siku ya kazi kabla ya kubadilisha kozi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama ubadilishe kozi sasa, ukiwa mwaka wa pili, kwa sababu uhasibu unaumudu ila haukuchangamshi, na wenzako wote wanajua watakuwa nani isipokuwa wewe. Unahofia pia baba yako atakuja juu. Baba yako niachie mimi.

Hao wenzako wengi hawajui chochote. Wanalo jina la kazi tu, na mwenye jina la kazi haulizwi maswali zaidi. Mtafute huyo anayesema atakuwa mwanasheria, umuulize saa nne asubuhi ya siku ya kawaida atakuwa anafanya nini. Akikujibu yuko mahakamani anatetea wanyonge, ujue kazi hiyo ameiona kwenye filamu. Wanasheria wengi siku zao huishia mezani, wakisoma mikataba na kubishania vifungu, na wapo ambao mahakamani hawakanyagi kabisa.

Kwa hiyo kabla hujagusa kozi, nataka uijue siku ya kazi yenyewe.

Mwaka 1908 huko Boston, Marekani, Frank Parsons alianzisha ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi. Alisisitiza mambo matatu: ujijue wewe mwenyewe, uzijue kazi, kisha uyapime hayo mawili kwa akili timamu. Nionavyo mimi, wanafunzi hung'ang'ania lile la kwanza. Mnajaza madodoso ya "wewe ni mtu wa aina gani" mpaka mnachoka. Sina ugomvi nayo. Yale yanayofuata nadharia ya mwanasaikolojia John Holland, aliyegawa watu na kazi katika makundi sita, humsaidia mtu asiyejua aanzie wapi. Lakini utajuaje kama unaipenda kazi ambayo hujawahi kuiona ikifanyika? La pili ndilo lenye jasho, maana linakutoa chumbani.

Uwaulize nani? Usianze na marafiki wa karibu. Mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala mwaka 1973 kuonyesha kwamba habari mpya, zikiwemo za nafasi za kazi, mara nyingi hutufikia kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali. Sababu yake ni nyepesi: rafiki wa karibu anazunguka mlemle unamozunguka wewe. Basi tafuta aliyemaliza chuo chenu miaka michache iliyopita, binamu wa mwenzako, mtu aliyekuja kutoa mhadhara mara moja akaondoka. Mwandikie kwa ufupi: "Nasoma uhasibu mwaka wa pili. Naomba dakika ishirini nikuulize siku yako ya kazi inakwendaje. Siombi kazi." Hayo maneno ya mwisho usiyaache, kwa sababu watu hukimbia wakihisi wanaombwa ajira. Wengine hawatajibu. Usinune, mwandikie mwingine.

Ukimpata, usimuulize kama anaipenda kazi yake. Atakupa jibu la adabu. Muulize jana alifanya nini tangu alipofika mpaka alipoondoka. Muulize wanaoanza hushindwa wapi, na wanaoacha huacha kwa nini. Halafu nyamaza usikilize.

Na uhasibu wenyewe usiuhukumu kwa mitihani. Darasani umeona debiti na krediti. Hujamwona mkaguzi akihesabu mali ghalani na kukuta makaratasi yanasema vingine, wala anayepiga hesabu ya gharama kiwandani, wala anayefuatilia fedha zilizoibwa. Mimi nimekaa jirani na wahasibu miaka mingi. Mwisho wa mwezi, vitabu na taarifa ya benki vikipishana kwa kiasi kidogo tu, utamwona mmoja akilaani na kutazama saa, na mwingine akigoma kwenda nyumbani mpaka aione hiyo tofauti imetoka wapi. Wewe ungekuwa yupi? Sikiliza moyo wako hapo, si kwenye alama za mtihani.

Kwa mafunzo ya vitendo, chagua mahali utakapopewa kazi, hata pakiwa padogo. Ofisi kubwa yenye jina inaweza kukuweka kwenye mashine ya fotokopi mpaka likizo iishe. Kila jioni andika ulichofanya, mistari miwili yatosha. Huwa nakaa kwenye jopo la usaili, na wasifu unaosema "mchapakazi, mwenye kujituma" haunibakii kichwani. Kila mtu anaandika hivyo. Anayeandika kwamba alipanga upya mafaili ya wateja na kugundua ankara zilizolipwa mara mbili, huyo tunamwita.

Ukishafanya hayo yote na bado roho inakataa, hama, tena hama mapema, kwa sababu mwaka wa pili unapoteza kidogo kuliko wa nne. Ila kwanza pita ofisi ya usajili uulize mambo matatu: masomo gani uliyofaulu yatahesabiwa kwenye kozi mpya, mwisho wa kuomba uhamisho ni lini, na kama mkopo wako utaendelea. Omba majibu kwa maandishi. Na uulize pia kama unaweza kuchukua somo moja la kozi unayoitamani kama somo la hiari muhula ujao, huku ukibaki ulipo. Hilo ndilo ningelifanya kwanza kama ningekuwa wewe. Ukishajua tarehe ya mwisho, nitumie.

Mama yako