Usinunue TV ya Inchi 75 Kabla Hujanisikia

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Makambako aliniandikia. Alianza na shikamoo, akaniuliza watoto, akaulizia mpaka mvua za huku Mbeya, nikajua tu hapa kuna jambo. Jambo lenyewe ni kwamba ameuza viazi, ana akiba, anataka kufungua kibanda umiza, yaani banda la kuonyesha mpira kwa kiingilio, kabla Kombe la Dunia halijaanza Juni 11. TV ya inchi 75 ameshaiona dukani. Alichotaka kujua ni kimoja tu: "Kaka, inchi 75 zinatosha, au niongeze kidogo nichukue projekta?"

Nilipofika kwenye neno projekta nikaweka simu mezani, nikatoka nje kupunga upepo.

Mdogo wangu, nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua hauko peke yako. Msimu huu kila mwenye vilaki vyake anapiga hesabu hiyohiyo, na wewe unayesoma usijifanye haikuhusu. Nami nina haki ya kusema. Nimeendesha kibanda hapa Ilomba, kimenifia mikononi, nikakifufua. Kuna watu wanatoa ushauri wa biashara hii hawajawahi kusimama mlangoni hata siku moja kugombana na mtoto aliyejipenyeza chini ya turubai.

Nilianza mwaka 2022, Kombe la Qatar. Kwenye daftari mambo yalikuwa matamu. Saa za Qatar ni saa zetu hizihizi, kwa hiyo hakuna kukesha: mechi saa saba mchana, saa kumi, saa moja usiku, saa nne. Mechi nne kwa siku, watu hamsini kila mechi, mia tano mia tano. Zidisha mwenyewe. Laki moja kwa siku! Nilizidisha mpaka nikaanza kuulizia bei za bodaboda. Nikakopa, tena sikukopa kwa watu wa maana, nilikopa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kuumiza, nikanunua projekta ya mtumba kwa laki nne na nusu. Ng'ambo ya barabara jirani yangu alikuwa amefungua na TV ya inchi 32, nami nilitaka nimfunike kabisa.

Hapa panauma, acha niseme. Wazo la kibanda tulilizungumza pamoja, mimi na huyo jirani, kwenye kijiwe cha kahawa, tukakubaliana tuunganishe nguvu. Asubuhi moja naamka nasikia nyundo, natoka, namwona anapigilia mabati. Sijasema ameniibia. Nimesema tulizungumza pamoja.

Sasa projekta. Hakuna aliyeniambia kwamba projekta haiwezi kutengeneza weusi. Inatupa mwanga tu, na weusi wa picha ni giza la chumba chako. Banda langu lilikuwa la mbao na bati, kila ufa unaingiza jua la saa saba mchana. Pale kwenye shuka jeupe wachezaji wa timu zote mbili walikuwa rangi moja, rangi ya maji ya mchele. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama hii ni mechi ya zamani. Nikanunua turubai, nikafunika banda lote. Giza likapatikana, hewa ikapotea. Dakika ya ishirini watu walikuwa wamevua makoti, dakika ya thelathini wamevua mashati, mapumziko wakavaa wakaondoka.

Ng'ambo, kwenye inchi 32, watu walikuwa wamekaa hadi kwenye ndoo zilizopinduliwa.

Kosa la pili lilikuwa la ubahili. Kifurushi cha king'amuzi kilikuwa bei mbaya kwa mtu mwenye marejesho kila Jumatatu, na fundi mmoja akanishauri nitumie intaneti: simu, waya, bando, basi. Picha nzuri, alisema. Ni kweli picha ilikuwa nzuri usiku ukiingia. Asichokisema ni kwamba matangazo ya dishi yanashuka kutoka setilaiti moja kwa moja, wakati ya intaneti yanakatwa vipandevipande, yanahifadhiwa kidogo ili yasikwame njiani, ndipo yanafika kwako. Kwenye mtandao wa mtaani kwetu, kuchelewa kwake kulikuwa karibu dakika nzima.

Dakika moja ni nini? Kwa anayeangalia tamthilia nyumbani kwake si kitu. Kwa anayeangalia mpira mita ishirini kutoka kwa watu wenye dishi, dakika moja ni msiba.

Fainali ilikuwa Jumapili, tarehe 18 Desemba, saa kumi na mbili jioni. Nilipata watu thelathini na kitu, kwa sababu kwa jirani palikuwa hapaingiliki. Kipindi cha kwanza jua lilikuwa bado, tukaangalia vivuli vya Messi na Di María vikifunga. Argentina mbili, Ufaransa sifuri. Giza likaingia, picha ikatulia, nikaanza kuona heshima yangu inarudi. Dakika zinakwenda themanini. Kwetu mwamuzi ndio kwanza ameelekeza kidole kwenye nukta ya penalti, wachezaji wanalalamika. Ng'ambo: GOOOOO! Mbao za banda langu zikatetemeka. Watu wangu wakaangaliana. Basi tukawa tunamsubiri Mbappé apige mpira ambao tayari ulikuwa umeshaingia. Akapiga, ukaingia, hakuna aliyeshangilia, utashangilia nini? Argentina wanaanza tena kati, kule kwetu, na hapo hapo ng'ambo: GOOOOO! mara ya pili. Mabao yale mawili yalipishana dakika moja na nusu hivi, wenye kumbukumbu mnajua. Kijana mmoja wa bodaboda akasimama, akanipa pole kama mtu anayetoka msibani, akavuka barabara. Wakamfuata. Waliokaa hawakukaa kwa ajili yangu, walikosa nafasi kule.

Mechi iliisha tatu tatu, Argentina wakashinda kwa penalti nne kwa mbili. Penalti zote nilizisikia ng'ambo kabla sijaziona. Nilikuwa natazama mpira wa jana.

Ndiyo maana swali lako la inchi limenitia unyonge. Mtu hatoi mia tano yake kuja kuona picha kubwa. Wengi siku hizi wana simu, picha wanayo mfukoni. Anatoa ili apige kelele wakati uleule wenzake wanapiga, aanze kubishana kabla marudio hayajaonyeshwa, amshike bega mtu asiyemjua. Ukimcheleweshea hiyo kelele, hata umletee ukuta mzima, ataenda kwenye ndoo iliyopinduliwa. Jaribu hivi kabla hujalipia chochote: chukua redio, washa TV unayotaka kununua na njia ya matangazo unayotaka kutumia, halafu sikiliza nani anatangulia na kwa muda gani. Kisha tembea mtaani ujue jirani zako wanatumia nini. Ni kazi ya jioni moja, haina gharama.

Na ujue watu wako. Nitakupa mfano unaoniaibisha kuliko projekta. Tarehe 29 Novemba mwaka uleule, katikati ya Kombe la Dunia, Ihefu walikuwa wanacheza na Yanga kule Mbarali, mkoani kwetu hapahapa. Watu wakaniomba: bosi, tuwekee Ihefu. Nikawajibu kwa kiburi kwamba hapa ni Kombe la Dunia, mambo ya Mbarali wakayatafute Mbarali. Ihefu wakashinda mbili moja. Yanga walikuwa wamecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza, na waliomaliza ule mwendo ni vijana wa mashamba ya mpunga. Mtaa mzima uliiona kwa jirani. Mimi nilikuwa nimekaa na watu sita na turubai langu. Mpaka leo nikipita kijiweni kuna mmoja lazima aniulize, "Vipi, Mbarali ni mbali?"

Januari nikafunga. Miezi ya kulipa lile deni sitaisimulia, haina ladha.

Nilifungua tena mwaka 2023 na TV iliyotumika ya inchi 43, dishi, na kifurushi halali cha biashara. Kile cha nyumbani usikitumie kwenye kibanda, utakuja kufungiwa siku ya derby. Mke wangu akasema jambo ambalo nilipaswa kulisikia mwanzo: hawa watu wanasikia baridi. Akaanza kupika chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha na kachumbari ya pilipili. Mdogo wangu, kiingilio kinalipa king'amuzi na umeme. Faida niliiona kwenye sufuria. Kuna siku mechi ilikuwa mbovu, sifuri sifuri, watu wamekasirika, na chai imeisha mara mbili.

Siku niliyopata hela nyingi kuliko zote ni Jumapili ya tarehe 5 Novemba 2023. Wenye moyo kama wangu wameshashtuka. Simba na Yanga. Mimi ni Simba tangu tumboni. Hadi mapumziko moja moja, banda limefurika, wengine wamesimama nje wanachungulia dirishani na nimewatoza nusu bei. Kipindi cha pili vikaingia vinne. Vinne! Tano moja. Nilikuwa mlangoni na mfuko wa chenji umejaa, Yanga wanacheza juu ya mabenchi yangu, benchi moja likavunjika, mwenye kulivunja akanilipa papo hapo huku anacheka. Nilihesabu hela usiku ule huku machozi yananitoka. Mke wangu, ambaye ni Yanga, alikuwa anazihesabu kwa sauti, na kila akifika tano anarudia.

Basi na hili nalo lijue: mwenye kibanda hana timu. Ukinuna, wa upande wa pili hawarudi. Nimejifunza kucheka.

Nyingine tamu ilikuwa AFCON, Stars na Zambia, Januari 21, 2024. Sisi tuko kwenye barabara ya kwenda Tunduma, kwa hiyo madereva watatu wa malori wa Kizambia waliingia, wakalipa, wakakaa mbele. Msuva akafunga mapema, dakika ya 11, banda likawaka. Kabla ya mapumziko Mzambia mmoja akala nyekundu, naye anaitwa Kabwe. Sasa wa Mbeya mnajua, Kabwe ni kituo chetu cha daladala. Mtu akapaza sauti ya kikonda, "Kabwe shushaaa!" na hata wale madereva, walipotafsiriwa, walicheka. Dakika ya 88 Daka akasawazisha, ikawa zamu yao. Walinunua chai ya watu wote. Tulioshindwa kulinda bao tukanywa chai ya waliotunyima ushindi, na ilikuwa ya mke wangu. Ndaga fijo, asante sana.

Turudi Makambako na Juni yako. Umesoma kwamba safari hii timu ni 48 na mechi 104, umezidisha. Najua umezidisha. Ila mashindano yako Marekani, Kanada na Mexico, na mchana wao ni usiku wetu. Mechi ya ufunguzi ni saa nne usiku kwetu, na fainali ya Julai 19 hivyohivyo. Nyingine zitaangukia saa saba usiku na saa kumi alfajiri. Nani atatoka kitandani saa kumi alfajiri, Juni, Makambako, kwenye ule upepo wenu, aje kutazama timu mbili asizozijua? Hesabu mechi za saa moja na saa nne usiku peke yake, halafu punguza tena. Nenda kwa mtendaji mapema, umuulize kuhusu kibali na kufungua usiku wa manane, kwa sababu majirani wataenda kabla yako kama hujaenda.

Halafu kuna jambo halina utani. Baridi ikizidi mtu atakushauri uingize jiko la mkaa ndani ili watu wapate joto. Usithubutu. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaona usingizi tu, hapohapo ndio anakwenda. Jiko likae nje na sufuria. Kinachoingia ndani ni chai.

Na usikope. Nasema tena, usikope, hasa wale wa marejesho ya kila wiki. Kama TV ya inchi 43 ndiyo hela yako, nunua ya inchi 43, keti karibu. Vijana tunapenda kuanza kazi kwa kumkomoa mtu. Mimi nilinunua projekta ili jirani yangu alale na mawazo, na niliyekosa usingizi ni mimi. Vilevile ukiona wateja wako wamechana mikeka yao ya kubeti yote mitatu na bado wanakukopa hela ya mkeka wa nne, usiwape. Nimewapoteza wawili kwa kuwanyima, na mmoja amerudi.

Jirani yangu bado yupo. Siku hizi ana inchi 55. Tunasalimiana, mechi zikigongana anaonyesha moja nami naonyesha nyingine, tunapigiana simu asubuhi kupanga. Lile la kijiweni hatujawahi kulizungumza, na sidhani kama atasoma hapa. Kelele zetu siku hizi zinatoka pamoja.

Projekta ipo, imefungwa kwenye kanga juu ya kabati, taa yake bado nzima. Kama baada ya kusoma yote haya bado unaitaka, nitumie ujumbe tuongee bei. Uje kuijaribu usiku.