Barua kwa mwanangu: dakika za winga wako

Mwanangu mpenzi,

Swali lako nimelipata. Unasema kwenye timu ya hoki ya barafu unayoifundisha, winga wako wa kulia, yule mdogo wa mwili, anacheza dakika tisa kwa mechi kwenye laini ya tatu, kundi la tatu la washambuliaji wanaoingia pamoja kwa zamu. Mama yake anakaa jukwaani na saa mkononi akizihesabu. Msaidizi wako anataka apandishwe laini ya kwanza, na wewe unaona kijana bado hajui kurudi kukaba. Unataka kujua baba yako angefanya nini.

Ningempandisha. Ila si kwa ajili ya saa ya mama yake, wala si kwa mechi nzima.

Jumamosi nilikaa nyuma ya kioo, upande wa benchi lenu. Kijana alinyang'anywa kisahani, kile cha mpira kinachopigwa kwa gongo, karibu na mstari wa buluu. Kabla hajageuka kumfukuza aliyemnyang'anya, alitupa jicho benchini. Alikutazama wewe. Ni muda wa kupepesa macho tu, lakini juu ya barafu muda huo ni mita kadhaa, na mita hizo ndizo zilizofanya mfungwe lile goli la pili. Baada ya hapo nikaacha kufuata mechi, nikawa namtazama yeye peke yake. Alikutazama vile mara nne. Mwanangu, yule kukaba anakujua. Anacheza huku akingoja kuitwa atoke.

Unakumbuka msimu wa 2021 hadi 2022, tulivyobishana mezani juu ya winga Cole Caufield mpaka chai ikapoa? Timu yake, Canadiens ya Montreal, walikuwa wametoka fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi kuu ya hoki, Montreal nzima inamtegemea kijana wa miaka 20, na magoli hayaji. Novemba wakamshusha Laval, kwenye timu ya chini. Februari 2022 kocha Dominique Ducharme anaachishwa kazi, Caufield ana goli 1 katika mechi 30. Akaja kocha Martin St. Louis, na katika mechi 37 zilizofuata kijana yuleyule akafunga magoli 22. Ulisema, "Baba, ni dakika. Kapewa dakika, kafunga." Nami nikakubali.

Leo sikubali tena, na ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu. Dakika ziliongezeka, kweli, lakini nyongeza ile haitoshi kueleza magoli 22. Mimi naona makubwa yalikuwa mawili. Kwanza aliachwa acheze pamoja na Nick Suzuki zamu baada ya zamu, senta, yaani mshambuliaji wa kati, anayeweza kukaa na kisahani mpaka mpigaji afike mahali pake. Pili alipata kocha aliyemruhusu kukosea. St. Louis mwenyewe alikuwa winga mfupi, mzaliwa wa Laval hapo ng'ambo ya mto. Hakuna timu iliyomchagua alipokuwa kijana, na timu ya Calgary wakamwacha aende mwaka 2000. Miaka minne baadaye alibeba Kombe la Stanley akiwa na Tampa Bay, na msimu huohuo aliongoza ligi nzima kwa pointi 94, yaani magoli yake na pasi zake za magoli. Kabla ya kuja Montreal hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu ya kulipwa. Alikuwa akifundisha watoto, kama unavyofanya wewe.

Kwa hiyo weka saa pembeni, ujiulize zamu za kijana wako zinaanzia wapi na nani yuko ubavuni mwake. Nimeendesha mashine ya kusawazisha barafu miaka 19. Kipindi kikiisha nikaingia na mashine, barafu yenyewe ilikuwa inanisimulia: mikwaruzo myeupe imesongamana kona moja, na upande wa pili unang'aa kama haujakanyagwa. Mikwaruzo ya laini yako ya tatu yote iko upande wa goli lenu. Kila mchezo unapoanzishwa upya kwa kugombea kisahani karibu na kipa wenu, ni wao unaowaingiza. Basi zile dakika tisa za kijana ni dakika za kuhangaika ukutani, akisukumana na mabeki waliomzidi kilo kumi na tano, akijaribu kukitoa kisahani nje. Hata ukimwongezea ziwe kumi na nne za namna hiyo, utakuwa umemwongezea mateso.

Mkiwa nyumbani, kanuni inakupa wewe uwe wa mwisho kubadilisha wachezaji, ukishaona mpinzani kawaingiza akina nani. Itumie nafasi hiyo. Kisahani kinapogombewa upande wao, mwingize kijana pamoja na senta wako wa kwanza, yule binti mrefu anayetoa pasi bila kuangalia chini. Kwa kuwa kijana hupiga kwa mkono wa kulia, mjaribu winga ya kushoto, pasi imfikie tayari kwa kupigwa, asihangaike kuigeuza. Wapinzani wakiwa na mtu kwenye kibanda cha adhabu, wamepungua mmoja, hapo usimnyime nafasi kabisa. Kipindi cha pili mfupishie zamu, maana mmebadilishana magoli, benchi linakuwa mbali na goli lenu na aliyechoka hana pa kukimbilia. Dakika kumi za hivyo zinamtosha kwa sasa.

Yule winga wa laini ya kwanza naye ana baba yake jukwaani, najua. Mwambie ukweli kwamba hajashushwa, ila zamu nne au tano wanagawana.

Jambo ambalo sitaki ulirahisishe ni hili. Ulipokuwa na miaka 15, kocha wako mmoja alikushusha laini ya nne mwezi wa Novemba, na mpaka barafu ya bustanini inayeyuka Machi hakukwambia neno. Ndani ya gari ulikuwa unaniuliza, "Baba, nimekosa nini?" Jibu sikuwa nalo. Nilitakiwa kuzima gari, nirudi ndani nikamuulize. Kifaransa changu wakati ule kilikuwa cha kuokoteza, nikaona aibu, nikaondoa gari. Mpaka leo linaniuma. Tanga, pale Mkwakwani, winga wa Coastal Union akitolewa, jukwaa zima linampigia kelele kocha, na angalau mchezaji anasikia kwamba ameonekana. Wewe ulikaa miezi minne ukidhani huonekani.

Basi Jumatano, kabla kijana hajafunga kamba za viatu, mwite. Mwambie utamweka na nani, lini, na kwa nini. Mwambie akipoteza kisahani amfukuze mwizi mpaka mwisho, na kwamba zamu inayofuata ni yake hata kama goli limeingia. Kisha utimize, hata likiingia kweli. Hapo ndipo penye ugumu, maana jukwaani watakupigia kelele na mkono utawasha kumtoa.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama zile chapati zilifika zikiwa nzima.

Jumamosi mko nyumbani. Nitakaa palepale nyuma ya kioo, niitazame shingo ya yule kijana.

Baba yako