Dozi moja ya mionzi kwenye mgongo: je, ina maana mgonjwa ameachwa?

Ndugu yangu, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama daktari kumpangia mama yako dozi moja tu ya mionzi ya mgongo, ilhali mgonjwa wa kitanda cha pili anakwenda siku kumi, ni dalili kwamba wamekata tamaa. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, tena kwa ukali, nilipokuwa nikimuuguza marehemu baba, ambaye saratani ya tezi dume ilikuwa imefika kwenye pingili za mgongo usawa wa kifua.

Mionzi ya aina hii hulenga kutuliza maumivu, si kuimaliza saratani, na kwa lengo hilo grei 8 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) zinazotolewa kwa mkupuo mmoja hufanya kazi karibu sawasawa na grei 20 zilizogawanywa kwa siku 5 au grei 30 kwa siku 10. Kwa vyovyote vile, takribani wagonjwa 6 kati ya 10 hupata nafuu. Tofauti ipo, na ni haki yenu kuijua: waliopewa dozi moja hulazimika kurudia mionzi mara nyingi zaidi, takribani mmoja kati ya 5, ilhali kwa waliopewa dozi nyingi ni chini ya mmoja kati ya 10. Hata hivyo, baada ya kumwona baba akilazwa chali kwenye meza ile ngumu ili wampime na kumtia alama, sikutamani tena arudi siku kumi. Mionzi yenyewe huchukua dakika chache na haiumi. Kinachomliza mgonjwa ni meza, kwa hiyo muulizeni daktari ni saa ngapi mumpe mama morfini, dawa kali ya maumivu, ili iwe imeshaanza kufanya kazi atakapolala hapo.

Jambo ambalo sisi hatukuambiwa ni kwamba maumivu yanaweza kupanda kwanza. Siku ya pili baba alilia kuliko alivyolia kabla ya mionzi, na baba mdogo akashikilia kwamba wamemuunguza. Kumbe hali hiyo humpata takribani mgonjwa mmoja kati ya watatu, hudumu siku chache, na vidonge vya deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba, husaidia kuipunguza, mradi daktari aone kwamba vinamfaa mgonjwa. Nafuu ilianza wiki ya pili. Kwa wengine huchukua wiki nne au zaidi, na katika kipindi hicho chote dawa za maumivu haziachwi. Mimi niliiamini nafuu hiyo asubuhi nilipomkuta ameketi ukingoni mwa kitanda akivaa soksi bila kumwita mtu.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu miguu. Uvimbe au pingili iliyobonyea inaweza kuukandamiza uti wa mgongo, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili, na hapo suala si maumivu tena bali ni kupooza. Mama akisema miguu haina nguvu, au ganzi imemshika sehemu za siri na makalio, au mkojo haumtoki, au maumivu yanamzunguka kifuani kama mshipi na kuzidi akilala au akikohoa, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Baba alituficha kwa siku mbili kwamba mguu wa kushoto ulikuwa unaburura, kwa sababu hakutaka kutusumbua. Wazee wetu wana heshima ya namna hiyo, nayo ilikaribia kumgharimu. Alipofikishwa hospitali alianzishiwa deksamethasoni, akapigwa picha ya MRI, na kwa kuwa upasuaji haukumfaa alipewa mionzi ya siku 5. Iliwezekana kuirudia mahali palepale kwa sababu dozi ya kwanza ilikuwa ndogo na uti wa mgongo ulikuwa bado na nafasi ya kustahimili nyingine, hesabu ambayo daktari aliifanya mbele yetu. Aliingia akichechemea, akatoka akitembea kwa fimbo. Angefika ameshapooza, uwezekano wa kusimama tena ungekuwa mdogo sana.

Kwa hiyo kabla hamjatoka kliniki, ombeni namba ya kupiga usiku, na kila asubuhi mwambie mama asimame mbele yako, usimuulize tu kama anaweza.