Jibu: Karakana ya useremala uani, futi 10 kwa 12 inatosha?

Mkuu, kwa kuunga viti na stuli inatosha. Ila umesema utaweka msumeno wa meza na randa ya umeme, na hapo ndipo pana kazi. Mbao zetu nyingi ni futi 12, na ubao wa hivyo ukiupasua kwa urefu unataka futi 12 mbele ya msumeno na 12 nyuma yake. Chumba cha hivyo uani kwako hakipo. Dawa ni milango miwili inayotazamana, msumeno katikati, ubao utokeze nje upande huu na ule.

Sakafu usiibanie: zege inchi 4, iinuke juu ya usawa wa uwanja, maana masika maji yakiingia mbao zinavimba na mashine zinashika kutu. Kuta tofali hadi kiunoni, juu nondo na wavu ili vumbi litoke. Bati chukua geji 28 (geji ni kipimo cha unene, namba ikipanda bati linakuwa jembamba), ile ya 30 ni nyembamba.

Umeme usivute ekstensheni toka sebuleni, tafadhali! Fundi mwenye leseni akuwekee laini ya peke yake toka meni swichi, pamoja na arthi, yaani waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Kibali ulizia serikali ya mtaa kabla hujachimba msingi.