Usipitishe kadi ya benki kwenye simu ya kibanda, mkuu

Mkuu, ngoja kwanza. Umeuliza kama Marekani bado kuna simu za vibanda, zinakula sarafu gani, laini ununue wapi, halafu ukamalizia kama jambo dogo tu: "nikitua nitatumia kadi ya benki kupiga nyumbani Tanga." Hapo ndipo unapoliwa. Usithubutu.

Mwanya wa kadi upo, tena una maandishi ya kukukaribisha. Lakini kampuni inayounganisha hiyo simu hukuichagua wewe wala benki yako. Kaichagua mwenye eneo, na mara nyingi yeye analipwa kamisheni kwa simu zinazopigwa pale. Kamisheni hiyo inatoka mfukoni kwako. Ndiyo maana bei inajengwa kama ghorofa: chini ada ya kuunganisha, juu yake bei ya dakika, juu yake ada ya eneo, juu kabisa makato ya serikali, na benki yako nayo inadokoa kwenye kubadili fedha. "Nimefika salama" ya dakika moja inaweza kukutoa makumi ya dola. Ikipokelewa na mashine ya ujumbe, imepokelewa, unalipa. Risiti hakuna. Utakutana nayo siku kadhaa baadaye kwenye taarifa ya benki, kwa jina la kampuni usiyowahi kuisikia.

Na hawa mawakala wa safari wanaowaambia watu "kadi yako inafanya kazi popote duniani"! Inafanya kazi, ndiyo. Hata kisu kinafanya kazi. Msiniulize mimi nilikatwa dola ngapi, familia inasoma humu.

Ukibanwa kabisa, inua mkono wa simu lakini kadi iache mfukoni. Soma kibandiko: kinatakiwa kuonyesha jina la kampuni inayounganisha na namba ya bure ya kuulizia. Piga, uliza gharama YOTE ya dakika ya kwanza kwenda Tanzania, ada zikiwemo. Wakikupa bei ya dakika peke yake, hawajakujibu, kata. Kwa simu za kutoka jimbo moja kwenda jingine, sheria inawalazimu wakujulishe jinsi ya kupata bei kabla ya kuunganisha, na ukikata hapo hulipi. Kipige picha hicho kibandiko, andika saa na namba uliyopiga, maana ukienda kulalamika benki watakuuliza hayo hayo. Kumpigia mtu ili alipe yeye nako usahau, laini nyingi za mkononi hazipokei simu za aina hiyo.

Kadi za kukwangua za kupigia simu, zile za dukani, ni nafuu, ila geuza nyuma usome maandishi madogo. Namba ya bure inayoanza na 800 au 888 haitaki sarafu, lakini ukiipigia kibandani, kampuni ya kadi inatakiwa kumlipa mwenye kibanda: kiwango cha serikali ni senti 49.4 kwa simu iliyokamilika. Nayo kampuni inakukata wewe fedha hiyo, mara nyingi kwa nyongeza, kwenye salio lako. Kadi nyingine huhesabu kwa vipande vya dakika 3, nyingine hukata ada ya wiki hata kama hujapiga. Nunua ya dola 5, usinunue ya 20.

Sarafu: zinaingia za senti 5, 10 na 25. Noti haziingii na chenji hairudi. Kupiga ndani ya eneo hilo hilo mara nyingi ni senti 50, ila tangu 1997 kila mwenye kibanda anajipangia. Dharura ni 911, bure, bila sarafu.

Tena kibanda chenyewe ukipate. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vilikuwa karibu milioni 2. Kufikia 2016 vilibaki kama 100,000. New York waliondoa cha mwisho cha jiji Mei 2022, wakaweka nguzo za LinkNYC: kupiga ndani ya Marekani bure, intaneti bure. Ukitua JFK, uwanja wa ndege wa New York, unganisha intaneti ya uwanjani, piga WhatsApp, basi. Ukipiga kwa simu ya kawaida ni 011 ya kutoka nje ya Marekani, 255 ya Tanzania, kisha namba bila ile sifuri ya mwanzo.

Hizo sarafu za senti 25 zitunze. Mashine za kufulia nguo zinazihitaji kuliko simu.