Kabla hujatuma makala, tazama jarida linanukuliwaje

Wanafunzi wa uzamivu wakiniletea orodha ya majarida ya biolojia ya seli, karibu kila mara wameshaipanga kwa kipimo cha athari (impact factor, yaani wastani wa mara ambazo makala za jarida hunukuliwa na watafiti wengine), kikubwa juu, kidogo chini. Naiweka kando kwanza. Nauliza: kazi yako itasomwa na nani, na kwa muda gani?

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kipimo cha 2023 ni jumla ya nukuu ambazo machapisho ya 2021 na 2022 yalipata ndani ya 2023, kugawanya kwa idadi ya makala za utafiti na za mapitio (zinazofupisha tafiti za wengine) zilizotoka miaka hiyo miwili. Tahariri na barua hazimo kwenye kigawanyo, lakini zikinukuliwa, nukuu zake zinajumlishwa. (Ndiyo, ni halali kabisa.)

Tatizo kubwa kwetu ni hiyo miaka miwili. Kuotesha seli, kuzima jeni, kurudia jaribio na kujibu wahakiki kunakula muda, na anayejenga juu ya kazi yako huenda akachapisha dirisha limeshafungwa. Mwaka 1963, Reynolds alitoa katika Journal of Cell Biology makala ya kurasa tano tu kuhusu sitreti ya risasi, rangi ya kuonyesha vipande vya seli kwenye hadubini ya elektroni. Maabara zimeinukuu maelfu ya mara, na bado zinainukuu. Kipimo cha mwaka huu hakihesabu hata nukuu moja ya hizo.

Halafu kipimo hiki ni wastani, na wastani hudanganya pale makala chache zinapobeba wenzake. Acta Crystallographica Section A ilipanda kutoka takriban 2 hadi karibu 50 mwaka 2009, kwa sababu ya makala moja ya programu ya kompyuta iliyonukuliwa kupita kiasi. Makala nyingine zote zilibaki zilivyokuwa.

Kwa hiyo mimi hufanya hivi: nachukua makala za utafiti za jarida za miaka miwili iliyopita, natoa mapitio (hunukuliwa sana, huinua namba), nazipanga kwa nukuu, kisha natazama iliyo katikati. Mara nyingi iko chini sana ya kipimo kinachotangazwa. Baada ya hapo nafungua makala mbili tatu zinazofanana na yangu, nasoma majina ya walionukuu. Nikikuta watu wa fani yangu, jarida linafaa, hata likiwa la nane kwenye orodha.

Kamati ya kupandisha vyeo ikidai namba, wape, bila ugomvi. Ila weka kando yake nukuu za makala yako mwenyewe na sentensi moja ya aliyeitumia mbinu yako. Azimio la San Francisco, lililoanzia kwenye mkutano wa wanabiolojia wa seli wa Marekani mwaka 2012, linapinga kumpima mtafiti kwa kipimo cha jarida. Kama taasisi yako imelitia saini, litaje kwenye barua ya maombi.